Wakuu, nataka kutengeneza mtelezo wa kushushia kuni chumba cha chini, nishaurini kabla sijakata mbao

Ngazi14
Habari za wakati huu wakuu. Nyumba ninayokaa ina chumba cha chini ya ardhi, na humo ndimo lilimo jiko kubwa la kuni linalopasha nyumba nzima joto. Kuni ziko nje. Kila baada ya siku chache nashuka ngazi kumi na nne nikiwa nimezikumbatia kifuani, sioni ninapokanyaga. Juzi nimeikosa ngazi ya mwisho. Goti limevimba, na mke wangu kasema hataki kuniona tena kwenye hizo ngazi na mzigo.

Ukutani, upande wa kuni ziliko, kuna kidirisha chenye upana wa sm 80 na kimo cha sm 45. Kizingiti chake kiko juu kidogo ya ardhi ya nje, na kutoka kizingiti hadi sakafu ya ndani ni mita 2.1. Nataka kung'oa kioo, niweke mtelezo, nije na toroli, nimwage, kuni ziteremke zenyewe.

Mpango wangu: plaiwudi ya milimita 18, upana sm 42 kwa sababu kuni zangu zimekatwa sm 40 (unene ni 10 hadi 15), hivyo zitakaa sawasawa bila kuyumba. Mteremko mkali, nadhani digrii 60, mdomo ukaribie sakafu. Nimesahau nini?

Kivuli cha Mbuyu
Pole na goti mkuu. Naweka kigoda hapa nisikilize mafundi.

Randa Kuukuu
Weka msumeno chini kwanza. Hiyo sm 42 ndiyo itakayokutesa.

Chukua kipande chako cha sm 40 chenye unene wa 15. Pima kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala: zidisha 40 kwa 40, ongeza 15 mara 15, tafuta kipeuo cha pili. Unapata karibu sm 42.7. Maana yake kipande kikianza kugeuka njiani, na kitageuka, pembe zake mbili zinagusa kuta zote mbili kwa pamoja, kinajikaza kama kabari. Cha nyuma kinakuja kukigonga, kinazidi kukaza. Hapo utaingia na rungu.

Upana mbaya kuliko wote ni ule unaokaribiana na urefu wa kuni. Ama uwe mwembamba kabisa kuni isiweze kulala kingamo, ama uwe mpana kabisa izunguke inavyotaka bila kugusa kote kuwili. Mimi ni wa upana. Mara moja na nusu ya urefu wa kuni ndefu kuliko zote, kwako ni sm 60, na dirisha lako linaruhusu.

Moja Moja
Fundi Randa nakuheshimu ila hapa tunapishana. Wangu una sm 25 na una miaka kadhaa haujawahi kukwama katikati. Kuni inaingia kwa kichwa, inateremka kama samaki kwenye bomba. Mtelezo mwembamba ni mwepesi, unaubeba mwenyewe, na mbao zinazotumika ni kidogo.

Randa Kuukuu
Ndugu yangu, haujakwama kwa sababu wewe ndiye mashine ya kuulisha. Unainama, unachukua kimoja, unakinyoosha, unakiachia, unainama tena. Mwenzetu kasema anataka *kumwaga* toroli. Mwaga toroli kwenye tundu la sm 25 uone vipande viwili vya unene wa 13 vikiingia bega kwa bega.

Moja Moja
Hapo sibishi. Kwa kumwaga, wangu haufai. Ila mgongo wangu unapenda kimoja kimoja kuliko kukwamua kumi kwa mpigo 😅

Mizani
Niongelee huo mteremko maana naona watu wamepita kimya. Digrii 60 kwa nini? Kwenye mteremko huo kuni haitelezi, inaanguka huku imegusa ubao kidogo. Kasi yake ikifika chini inapungukiwa kidogo sana na ile ambayo ingekuwa nayo kama ungeidondosha tu kutoka dirishani. Sasa mtelezo wa nini? Pia itarukaruka, na ikidunda mara moja inatoka pembeni.

Mteremko unaotosha ni ule unaoshinda msuguano na kubakiza akiba kidogo. Msuguano wa kuni zako huujui wewe wala siujui mimi, ila unapimika kwa dakika tano. Chukua ubao wa mita 2 wa mbao hizohizo unazotaka kutumia. Laza kipande cha kuni juu yake, upande wenye gome ukiwa chini. Inua ncha moja polepole mpaka kianze kutembea chenyewe, kisha pima kimo cha hiyo ncha. Rudia kwa upande uliopasuliwa. Usitumie kipande cha mviringo, hicho kitaviringika na kukudanganya. Lete majibu.

Ngazi14
Mizani nimefanya, hadi watoto wamekuja kushangaa. Ubao wa mita 2:
Upande uliopasuliwa ulianza kuteleza ncha ikiwa kwenye sm 80 hivi. Upande wa gome ulig'ang'ania hadi sm 100. Halafu nikalaza bati bapa juu ya ubao, hata gome likatembea kwenye sm 60.

Mizani
Safi sana. Mita 1 juu ya ubao wa mita 2 ni digrii 30 kamili. Kwa hiyo ukijenga kwa digrii 30 juu ya plaiwudi tupu, kuni yenye gome itasita, na ikisita moja zote zinasimama nyuma yake. Bati limekushusha hadi digrii 17 au 18.

Sasa kuna pembetatu moja mafundi wote wanaijua, ya 3, 4, 5. Shuka mita 1.5, sogea mbele mita 2, mtelezo wenyewe unakuwa mita 2.5. Hiyo ni kama digrii 37, inashinda hata gome kwenye ubao mkavu, na huhitaji chombo cha kupimia pembe, futi inatosha. Tena shiti ya plaiwudi ina urefu wa mita 2.44, umepungukiwa sentimita sita tu na hutaunga popote. Ukiitumia nzima, unashuka mita 1.46 na mdomo unabaki sm 64 juu ya sakafu. Huo urefu wa mdomo utauhitaji, nitaeleza.

Kasi: kwa bati lako, kuni itatoka na kama kilomita 15 kwa saa. Si mchezo kwa kipande cha kilo tatu. Kwa hiyo hakuna kusimama chini wakati mtu anamwaga juu.

Ngazi14
Kwa nini mdomo usikaribie sakafu? Mimi naona zikitoka chinichini hazitapiga kelele wala kuvunja chochote.

Mizani
Kwa sababu kuni hazitawanyiki kama maji. Zinajenga kichuguu papo hapo zilipotua. Mdomo ukiwa sm 10 juu ya sakafu, vipande vichache tu vya kwanza vinauziba, na vinavyofuata vinajipanga *ndani* ya mtelezo hadi dirishani. Wewe huko juu huoni, unaendelea kumwaga. Mdomo wa sm 64 unakupa nafasi ya toroli moja au mbili kabla ya kwenda kusogeza.

Bi Majivu
Wanangu mmepima kila kitu ila sijaona mtu akiuliza swali la kwanza. Mwenye uzi, hilo jiko liko wapi ukilinganisha na hilo dirisha?

Ngazi14
Shikamoo Bi Majivu. Liko mkabala kabisa, kama mita 3 kutoka utakapoishia mtelezo.

Kivuli cha Mbuyu
Mkuu unataka kucheza boling na jiko linalowaka 😂😂

Bi Majivu
Marahaba. Haya, hapo ndipo penye kazi, si kwenye pembetatu. Kipande cha mviringo kikitoka na hiyo kasi kinavuka mita tatu za zege bila kuomba ruhusa. Kikigonga mlango wa jiko kioo kinapasuka. Kikigonga bomba la moshi likaachana kwenye kiungo, moshi wote unaingia ndani, na ndani ya huo moshi kuna hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Ukuta wa kuzuia si hiari. Simamisha mbao nene mbele ya mdomo, kama mita moja na robo hivi, zifungwe sakafuni, zisiegemezwe tu. Mbele yake ning'iniza mpira mzito, hata vipande vya tairi vinafaa, kuni zife nguvu hapo.

Na rundo lenyewe, hata kipande kimoja kilichoviringika pembeni, kisiwe chini ya mita moja kutoka kwenye jiko. Kama kitabu cha jiko lako kinadai zaidi, fuata kitabu.

La pili, kuni zako ni kavu? Maana mtelezo una ushawishi wake. Ukiona kazi imekuwa rahisi utaanza kushusha hata mbichi "zikaukie ndani". Kilo 1000 za kuni ambazo nusu yake ni maji, zikikauka mpaka maji yawe sehemu moja ya tano ya uzito, zimeachia lita 375. Hayo maji yanaenda wapi chumbani kwako? Ukutani, kwenye mbao za dari, kwenye nguo za sandukuni. Zikaushe nje, zishuke zikiwa na unyevu chini ya asilimia 20, na shusha za wiki mbili tatu, usishushe za msimu mzima. Wadudu nao wanaoishi chini ya gome hawapati muda wa kuamka na kuhamia kwenye mbao za nyumba.

Ngazi14
Bi Majivu, asante. Ukuta naujenga kabla ya mtelezo. Na kipimo cha unyevu nitaazima.

Shoka Butu
Samahani nivuruge uzi kidogo. Yote haya ya nini? Jenga kijisanduku karibu na jiko, shusha mikono miwili asubuhi, mikono miwili jioni, kwisha. Mtelezo unatoboa nyumba, unaingiza baridi, panya, maji na wezi. Nimeona mitelezo mingi, baada ya mwaka inageuka mahali pa kuegeshea mafagio.

Ngazi14
Mkuu, goti.

Shoka Butu
Goti nalielewa. Basi angalau usitanue hilo tundu. Ukuta wa msingi unabeba nyumba juu na unasukumwa na udongo pembeni. Ukikata hata sm 20 bila linta (boriti ya kubeba ukuta juu ya tundu) na bila mhandisi kuangalia, nyufa utakuja kuziona juu kwenye milango.

Randa Kuukuu
Shoka kanena, na hakuna haja ya kutanua. Upana wa 60 unaingia kwenye 80. Kimo nacho nimekipiga: kuta za pembeni za sm 30 ukiziinamisha digrii 37 zinachukua karibu sm 38 wima, dirisha lina 45. Inabaki nafasi ya unene wa plaiwudi na papi za kuikaza chini, lakini si kubwa, kwa hiyo pima fremu ikiwa mahali pake, usipime tundu tupu.

Kuhusu baridi: usiufanye wa kudumu. Bati likikaa nusu nje nusu ndani, sehemu ya ndani inakuwa baridi kama ya nje, mvuke wa chumbani unagandamana chini yake na kudondoka. Tengeneza wa kutundika. Ndani ya fremu piga ubao wa kubebea, mtelezo uwe na midomo miwili ya chuma inayokaa juu ya ubao huo, mguu wa mbele ukunjike kwa bawaba. Ukimaliza unaung'oa, unausimamisha ukutani, tundu unalifunga kwa kifuniko chenye tabaka nene la kuzuia baridi na sili ya mpira pande zote nne. Kifuniko cha nje kiinamie nje ili mvua ikimbie.

Na komeo liwe ndani. Kitu wanachokipenda watoto kuliko mtelezo ni mtelezo waliokatazwa.

Bati la Pili
Nachangia kwenye bati tu, ndipo nilipoumia. Kama utaunga vipande viwili, cha juu kilale *juu* ya cha chini, kama mapaa yanavyoezekwa. Ukigeuza, kila kuni inakuta ukingo mbele yake, inaukunja, na siku utakayoingiza mkono kukwamua utaujua ukali wake. Skrubu ziwe za kichwa cha kuzama, na bati litobolewe vizuri vichwa vizame kabisa. Bati la kuezekea ni jembamba mno, litabonyea ndani ya wiki. Tafuta la milimita 1 na nusu.

Kelele: bila kitu chini ya bati, kila kipande ni kengele ya shule. Gundisha zulia kuukuu au mpira mwembamba kati ya bati na plaiwudi. Haiishi, ila inakuwa kelele ya kuvumilika.

Asubuhi yenye umande au theluji bati linateleza kupita kiasi. Siku hizo mwaga polepole, au subiri.

Ngazi14
Wakuu, MREJESHO wa wiki ya pili.

Ukuta wa kuzuia umesimama, mbao za sm 10 kwa 10, boliti kwenye zege. Mtelezo upo, sm 60, pembetatu ya Mizani. Kabla ya kuweka bati nilikuwa mkaidi kidogo, nikajaribu kwanza ule wangu wa 42 kwa mabaki ya mbao, bila kumwambia mtu. Kipande cha tatu kiligeuka, cha nne kikakibana, cha tano kikaruka nje na kuvunja chungu cha maua. Randa, ulikuwa sahihi, sitasema tena.

Wa 60 umemeza toroli nzima. Tatizo jipya ni kwamba vipande vya juu vinapandana pale pale dirishani, kabla hata ya kuanza kuteleza. Toroli inamwaga vyote kwa pamoja, vinajifunga kama tao, havisogei mpaka nivichokoe.

Randa Kuukuu
Chungu cha maua ni karo ya shule. Sasa, hilo tao ni la kuingilia, si la mtelezo. Usimwage moja kwa moja mdomoni. Nje weka meza ya mbao yenye kimo sawa na kizingiti, toroli imwage pale, wewe usukume kwa reki au kwa ubao wenye mpini. Kazi ni ileile ila unaamua wewe kiasi gani kinaingia.

Bi Majivu
Na hiyo meza usiifunike yote. Acha nyufa za sm 2 kati ya ubao na ubao. Magome na vumbi vitadondoka nje hapo hapo, usije ukashinda unafagia chini.

Moja Moja
Bi Majivu hilo naliiba leo leo.

Mizani
Nani anamwaga na nani yuko chini? Hujasema.

Ngazi14
Mimi juu, kijana wangu wa miaka kumi na saba chini, nyuma ya ukuta wa kuzuia. Tunapiga kelele "Kuni!" na yeye anajibu "Njoo!"

Mizani
Badilisheni. "Kuni!" ukisikia jibu lolote, hata kikohozi, utamwaga. Na kelele za bati zitameza sauti. Weka taa ndogo dirishani yenye swichi iliyo *nyuma* ya ukuta wa kuzuia. Aliye chini akiwasha ndiyo unamwaga. Akitaka kutoka kusogeza rundo, anazima kwanza. Taa isipowaka hakuna kinachoshuka, hata kama balbu imeungua.

Ngazi14
Hii nimeipenda. Waya ninao.

Shoka Butu
Nimesoma hadi hapa. Bado nasema mafagio baada ya mwaka, lakini hiyo meza ya nyufa ni nzuri.

Ngazi14
MREJESHO wa mwezi.

Meza ipo, taa ipo. Toroli nane za jana zimeshuka kwa saa moja na dakika chache, ikijumuisha kijana kusogeza rundo mara nne. Zamani ilikuwa nusu siku na goti juu. Kipande kimoja cha mviringo kiliruka mpira wa tairi na kusimama kwenye mbao za kuzuia, kimeacha alama ya kina cha kidole. Nikaangalia jiko lilivyo nyuma ya alama hiyo nikanyamaza kidogo.

Vipande vya mviringo sasa sivishushi. Navipasua kwanza, vidogo visivyopasulika navipeleka kwa mkono, vitatu vitatu, kwenye mfuko wa turubai begani ili mikono ishike reli ya ngazi.

Swali lililobaki: mguu wa mbele wa mtelezo unasogea kidogo kidogo kwenye zege kila toroli ikimwagwa. Nimeweka kipande cha mpira chini yake, bado unatembea, kama sm 2 kwa siku ya kazi.

Randa Kuukuu
Mguu umesimama wima?

Ngazi14
Wima kabisa, nimeupima kwa pima maji.

Randa Kuukuu
Ndiyo maana. Kuni zinausukuma mtelezo mbele, na mguu wima hauna cha kukataa nacho. Usihangaike na mguu, kamata juu: toboa ile midomo ya chuma dirishani, pitisha pini mbili kwenye ubao wa kubebea. Ukitaka kuung'oa unachomoa pini. Kesho nitumie picha ya hiyo midomo nione unene wake.